Mtoto asoma tayari na ndiyo kwanza aingia PP1: nilivyozungumza na shule yetu hapa Lamu (uzi mrefu)

UmmuMkomani

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wote hamjambo.

Nauleta uzi huu kwa sababu mwezi wa Disemba nilitafuta mtu wa kunieleza jambo hili kwa lugha yetu na kwa shule kama zetu, sikumpata. Yaliyoandikwa mengi ni ya Marekani na Uingereza, ya shule zilizo na mwanasaikolojia wake na darasa la watoto kumi na tano. Sisi twakaa Mkomani. Mwanangu yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa nasari, ya serikali, watoto 41, mwalimu mmoja.

Binti yangu ametimia miaka minne Oktoba iliyopita. Hakufunzwa kusoma na mtu. Babake ni mtu wa chombo, na jioni humchukua gatini. Pale kazi yake ilikuwa kuuliza majina ya mashua: hii yasema nini, na ile je? Siku moja akaacha kuuliza, akawa asoma mwenyewe. Tulidhani amekariri, kwani mashua ni zile zile kila siku. Hata lilipokuja jahazi la Kizingitini ambalo hatujaliona kabla, akalifuata jina lake herufi moja moja kwa kidole, kisha akalitamka lote. Babake alirudi nyumbani hana la kusema. Baada ya hapo ikawa ni kila kitu: mifuko ya unga, tangazo la maziko mlangoni pa msikiti, kipande cha gazeti kilichofungiwa viazi vya karai. Hesabu ni hivyo hivyo. Akipewa noti ya mia kununua mahamri, chenji huijua kabla muuzaji hajafungua kopo la pesa.

Naomba msome haya kwa jicho jema. Mama mwenye mtoto wa namna hii huona haya kulisema jambo lake. Aogopa kijicho, na aogopa kuambiwa kuwa amtesa mtoto kwa masomo. Basi hunyamaza, na shida ya mtoto hukaa ndani.

Shule ilipofunguliwa Januari alikwenda kwa furaha, mkoba ameuvaa tangu alfajiri. Siku ya kwanza wakapaka rangi herufi a. Siku ya pili a. Wiki ya pili e. Wiki ya tatu likaanza tumbo, kila asubuhi tumbo, na Jumamosi haliumi. Lakini si tumbo lililoniamsha. Walikuwa wamekaa barazani na mtoto wa jirani, yule mwenzake akamwonyesha maandishi ya pakiti ya biskuti, akamwambia, "Nisomee." Mwanangu akajibu, "Mimi sijui kusoma." Usiku nilipomuuliza aliniambia, "Wenzangu waniita mjuaji." Miaka minne, wiki tatu za shule, na amekwisha kujifunza kujificha.

Kesho yake nikenda shule, na nikaharibu. Nilimkuta mwalimu mlangoni saa moja na nusu, watoto wengine walia wakiachwa na mama zao, nami nikasema kwa sauti, "Mwalimu, mwanangu ayajua yote haya, hapa apoteza wakati." Alinitazama akaniambia, "Kila mzazi hapa mwanawe ni hodari." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu bila ya kukusudia. Nikapanda kwa mwalimu mkuu, nikataka apelekwe gredi ya kwanza. Jibu likawa umri: PP1 ni miaka minne, PP2 mitano, gredi ya kwanza sita. "Usimharakishe, Bi, atachoka mapema."

Kulikuwa na jambo jingine nisilolijua, na nadhani wazazi wengi hawalijui. Nasari na gredi ya kwanza zaweza kuwa ndani ya ua mmoja, lakini waajiri ni wawili. Kwa katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza walimu ni wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu. Kwa hivyo nilikuwa namtaka mwalimu wa kaunti anifungulie mlango ambao ufunguo wake hana.

Nilirudi kwa mamangu nikilalamika. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, akiwa asonga unga, kisha akauliza, "Na chuoni je? Huko mbona hulalamiki?"

Nikanyamaza, kwani ni kweli. Alasiri mwanangu huenda chuo cha Kurani. Aliingia akaanza alifu na watoto wa rika lake. Sasa yuko Juzuu Amma, akaa na watoto wa miaka sita na saba, na hakuna aliyefanya kikao. Ustadh hakuniuliza umri wake. Alimsikiliza, akaona ameshika, akamfungulia ukurasa wa mbele. Pale pale kuna kijana wa miaka tisa aliye nyuma yake, naye hakuna anayemcheka. Watoto zaidi ya thelathini mkekani, kila mmoja na ukurasa wake, na mwalimu humwita mmoja mmoja akamsikiliza dakika chache. Sisi watu wa pwani tumesomeshwa hivi kwa karne na karne. Kisha tukiingia shule ya asubuhi twaona ni ajabu watoto wawili wa umri mmoja kuwa kurasa mbili tofauti.

Basi nikabadilisha ombi. Nikaacha kutaka darasa jingine, nikataka ukurasa wake ndani ya darasa lile lile.

Mara ya pili niliomba nafasi kwanza, nikaja baada ya watoto kutoka. Nilichukua daftari nililoandika kwa wiki mbili: tarehe, alichosoma, wapi alikwama. Nilichukua karatasi aliyoiandika mwenyewe, makosa yake yote yamo. Na kwenye simu nilikuwa na sauti yake akisoma habari ya gazeti ambayo hajapata kuiona. Lakini vyote hivyo sikuvitoa. Nilianza kwa kuuliza: "Mwalimu, wewe wamuonaje?" Nikanyamaza kweli, si kunyamaza kwa kungoja zamu.

Akaniambia, "Ni mtulivu. Hasemi. Akimaliza kazi huchezea penseli akatazama dirishani." Hakuwa amepata kumsikia akisoma hata neno moja. Hapo ndipo nikafungua simu. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nataka nimsikie mwenyewe." Asubuhi yake alimpa kitabu cha PP2, kisha cha gredi ya pili. Kuanzia siku hiyo sikuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Nilichoomba ni hiki tu: vipindi vya nasari ni nusu saa, basi katika kile cha lugha, wenzake wakiwa na herufi, yeye awe na kitabu, na mara mbili kwa wiki mwalimu amsikilize dakika tano. Yaliyobaki yote awe na wenzake. Nyimbo, mchanga, kuchora, dua, kupanga foleni. Huko hayuko mbele hata hatua moja. Penseli aishika kama mtoto wa miaka minne, na akishindwa mchezo hulia mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini. Kichwa kimetangulia, mkono na moyo vyaja taratibu, na ni mtoto huyo huyo mmoja.

Nitaleta habari muhula ukiisha. Wenye uzoefu, tafadhalini.

BahariaMalindi

Dada, ahsante kwa uzi. Mimi niko Malindi, wangu alirushwa kabisa, kutoka PP1 hadi gredi ya kwanza, shule ya kulipa. Sasa yuko gredi ya nne. Masomo hana shida. Shida ni uwanjani: ni mdogo kuliko wote, mpira hapewi. Na mwaka wa kwanza mkono ulimchosha, kuandika kulikuwa kwingi kuliko vidole vyake. Sijuti, ila hakuna aliyenikalisha akaniuliza mwili wake uko wapi na marafiki zake ni nani. Niliulizwa ada tu.

MtuWaShela

Mimi naona tuwaache watoto wacheze. Finland shule huanza miaka saba na hawajapungukiwa kitu. Hii haraka ya nini? Wazazi wa siku hizi wataka mtoto awe daktari kabla hajang'oa jino.

UmmuMkomani

Kaka wa Shela, kwenye kucheza tuko pamoja, wala sitaki haraka. Lakini kile kipindi cha herufi si mchezo. Ni kukaa kimya ukingoja wengine wafike mahali ambapo wewe umekwisha kupita. Mwalimu akiniambia nusu saa hiyo atamwacha acheze na mchanga, nitashukuru kama alivyompa kitabu. Ninalolikataa ni yeye kuzoea kuwa shule ni mahali pa kutofanya lolote na kusifiwa kwa utulivu. Mtoto wa namna hiyo hufika gredi ya tano, hesabu ikawa ngumu kwa mara ya kwanza maishani, na hajui kuhangaika na jambo, kwani hajapata kuhangaika.

Kaka wa Malindi, nimelichukua neno lako. Nilisoma habari za mtafiti wa Australia, Miraca Gross, aliyefuatilia watoto 60 wenye akili za juu mno kwa miaka mingi. Walioruhusiwa kusogea mbele madarasa kadhaa walipata marafiki kwa wepesi kuliko waliobakishwa na rika lao. Ila wale walikuwa watoto wachache wa kipekee kabisa. Kusoma mapema peke yake hakutoshi kusema mtoto ni mmoja wao, na ndiyo maana mimi nimesimama kwenye ukurasa badala ya darasa.

MwalimuWaNasari

Nasomesha nasari hapa kaunti yetu, upande wa bara. Niseme yale mzazi hayaoni.

Tuna watoto arobaini na vitabu vya kuhesabika. Kila Januari huja wazazi watano kuniambia mtoto asoma. Wanne mtoto amekariri kitabu cha nyumbani. Ukikifungua katikati hawezi. Kwa hivyo mwenye uzi amefanya jambo la maana sana kuleta maandishi ambayo mtoto hajapata kuyaona. Fanyeni hivyo. Hilo latuokolea miezi miwili ya kushuku.

La pili, someni ripoti. Mtaala huu wetu una daraja nne, ya juu ni "kuzidi matarajio". Wazazi hufurahi wakaiweka kabatini. Muulizeni mwalimu kwa upole: huyu aliyezidi, kesho afanye nini? Si swali la kumtega. Mimi mwenyewe nilipoulizwa mara ya kwanza niliona sina jibu, nikaanza kulitafuta.

La tatu ni la sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yawataja wanafunzi wenye vipawa vya pekee pamoja na wanafunzi wenye mahitaji maalum. Tukisikia maneno hayo wengi twafikiria ulemavu tu. Maana yake mzazi ana haki ya kwenda kituo cha tathmini ya elimu, ofisi ijulikanayo kama EARC, akaomba mtoto apimwe. Wamezoea kuletewa mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri, huenda wakakushangaa, lakini si kosa kuuliza. Na sheria hiyo hiyo yakataza shule ya serikali kumpa mtoto mtihani wa kumzuia kuingia. Mtihani waruhusiwa kwa ajili ya kumweka kwenye kiwango kinachomfaa. Hilo neno la mwisho lishikeni.

Na onyo moja kutoka kwetu walimu. Mtoto akiwa mbele, twamgeuza mwalimu msaidizi. "Wasomee wenzako, washike mikono waandike." Mara moja kwa wiki ni vizuri, humfunza huruma. Kila siku ni dhuluma: yeye hakuja shule kusomesha. Mimi nimelifanya kosa hili miaka mingi, na mtoto mmoja alinichukia kwa sababu yake.

UstadhLangoni

Nimefurahi chuo kutajwa kwa kheri. Ila naongeza jambo, binti yangu. Chuoni pia humzuia mtoto. Yuko anayekimbia kurasa, na matamshi hayajatengenea, ain yake na hamza ni moja. Huyo namrudisha, naye hulia, na mama yake huja kushitaki. Ukurasa wa mbele hafunguliwi mpaka huu alio nao umekaa. Mtoto mwepesi ana maradhi yake, nayo ni kupita juu juu. Siku nyingine usimpe jipya. Mpe lile lile, umuulize maana yake.

UmmuMkomani

Ustadh, Mwenyezi Mungu akulipe. Juzi nilifanya hivyo kwa hadithi ya sungura na fisi aliyokwisha kuisoma. Nikamuuliza kwa nini fisi alimwamini sungura mara ya pili. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopata kumwona, kisha akasema, "Kwa sababu alikuwa na njaa." Nilikuwa sijamuuliza swali lililomfanya afikiri hivyo tangu aanze kusoma.

UmmuMkomani (muhula wa kwanza umeisha)

Naleta habari nilizoahidi, nzuri na mbaya.

Wiki nne za mwanzo zilikwenda kama tulivyopatana. Tumbo lilikwisha siku ya tatu. Kisha mwalimu akaugua, akaja wa kushika nafasi yake, na kila kitu kikayeyuka, kwa kuwa makubaliano yalikuwa ya mdomo. Kitabu kilikaa kabatini wiki mbili, naye akarudi kwenye dirisha lake. Kosa lilikuwa langu. Mwalimu aliporudi tukaandika nusu ukurasa, yeye na mimi na mwalimu mkuu: afanya nini, lini, nani amsikiliza, tutazame tena mwezi gani. Imebandikwa ndani ya jalada la rejista. Akija mwalimu mwingine, ataikuta.

Mwalimu mkuu, yule aliyeniambia nisimharakishe, ndiye aliyependekeza la pili bila ya mimi kuomba: siku mbili kwa wiki mtoto avuke ukumbi aende PP2 kwa kipindi cha lugha, kisha arudi kwa wenzake. Zote mbili ni za kaunti, hakuna barua wala ruhusa ya mbali. Siku ya kwanza alilia mlangoni akataka kurudi. Mwalimu hakumlazimisha. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, akiwa ameshikana mkono na binti wa PP2 tunayekaa naye mtaa mmoja.

Lililonigusa zaidi silo hilo. Mwalimu alipoanza kumsikiliza mwanangu mezani kwake, kijana mmoja akawa asogea, asogea, mpaka akasimama begani kwake. Mwalimu akadhani ataka kucheza. Kumbe afuata maandishi. Asoma naye. Mamake huuza mbaazi asubuhi, babake hayupo nchini, na hakuna mtu aliyepata kumsemea neno shuleni. Mwezi mzima na nusu alikuwa akipaka rangi herufi zile zile, na hakuumwa tumbo wala hakulia, basi hakuna aliyejua. Sasa wao ni wawili, na kitabu ni kimoja, na hugombana juu ya nani afungue ukurasa.

Nilikwenda kwa mamake nikamweleza. Alikuwa hajui. Yeye mwenyewe kusoma kwake ni kwa shida, akaniambia mtoto alikuwa akimsomea ujumbe wa simu, naye akidhani watoto wote wa siku hizi ni hivyo. Muhula ujao twaenda pamoja kwa mwalimu.

MamaWaFaza

Dada yangu, nimelia nikisoma. Wangu ana miaka mitano, asoma tangu mwaka jana, na huku kwetu Faza kitabu cha hadithi ni adimu. Mwalimu wetu ataka, lakini ampe nini? Nyumbani nina msahafu, juzuu na kalenda.

UmmuMkomani

Mama, usitie huzuni, hata huku vitabu si vingi. Ukija Lamu mchukue mtoto ngomeni, ile ngome iliyokuwa jela hadi 1984, muulizie maktaba. Lakini mimi nilianza kwa kuviandika mwenyewe. Chukua karatasi nne, zikunje katikati, ushone kwa uzi. Andika sentensi mbili tatu kila ukurasa, maneno ya nyumbani kwenu: nyanyake alivyokwenda kuvua pweza, punda aliyekataa kupita, siku ya Maulidi. Mwachie nafasi ya kuchora. Wangu vile vya dukani alivimaliza akavisahau, na cha pweza bado akilala nacho. Kikichoka, mwambie yeye aandike cha pili, nawe umwandikie maneno yanayomshinda.

Mpe mwalimu viwili avitie kwenye sanduku la darasa, asije akawa ni wako peke yake anayevisoma.

Mimi nina sita tulivyomaliza na vitatu vya PP2 ambavyo binamu zake wamevivuka. Niandikie faragha jina la mtu wenu anayeshuka na boti ya asubuhi, nitamkuta gatini na bahasha.